Butembo na Kasese: jua moja, saa mbili

Kuna mto mdogo unaoitwa Lubiriha ambao wengi wenu mnaujua kwa miguu. Upande huu ni Kasindi, upande ule ni Mpondwe. Ukiuvuka kwenda Uganda saa 8:00 ya asubuhi, unapoweka mguu wa pili chini ni saa 9:00. Hujachelewa, hujapumzika, hata jasho halijatoka, na tayari umepoteza lisaa limoja.

Jambo hili kila mfanyabiashara wa Beni na Butembo analijua kwa mdomo. Hata hivyo kila juma tunasikia tena hadithi zilezile: mama aliyekuta gari limeondoka, mtoto wa internat aliyengojea simu ya nyumbani mpaka muda wa simu ukaisha, mgonjwa aliyefika baada ya namba kumalizika. Kwa hiyo leo tumeona tuiweke miji miwili kando kwa kando, Butembo yetu na Kasese ya Uganda, tuangalie saa zao na namna watu wanavyoziishi. Kati ya miji hiyo kuna kama kilometa 190 kwa barabara. Si mbali sana kwa ndege wa angani, lakini kwa mama mwenye mzigo na mtoto mgongoni ni safari ya kutwa nzima.

Kwanza tuelewane. Saa tunazoandika hapa tunazihesabu namna ya shuleni na ya redio, kuanzia usiku wa manane. Saa 6:00 ni asubuhi jua linapotoka, saa 18:00 ni jioni linapozama. Baadaye mtaona kwa nini tumelazimika kusema hivyo.

Jua linasema nini

Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24. Kwa hiyo kila lisaa limoja inageuka nyuzi 15. Mwaka 1884 wajumbe wa serikali mbalimbali walikutana Washington, wakakubaliana kwamba hesabu ianzie Greenwich, karibu na London. Kuanzia pale, ukienda mashariki nyuzi 15 unaongeza lisaa limoja, nyuzi 30 masaa mawili, nyuzi 45 masaa matatu.

Sasa angalieni ramani. Butembo iko kwenye nyuzi 29 na kitu, Beni karibu nusu ya 30, na Kasese iko hatua chache tu baada ya mstari wa 30. Kwa maneno mengine, mstari wa masaa mawili, ule ambao saa yetu ya Butembo inaufuata, unapita karibu kabisa na mji wa Kasese! Kama ni jua peke yake linaloamua, Kasese ingekuwa na saa ileile ya kwetu. Tofauti ya kweli ya jua kati ya Butembo na Kasese ni dakika tatu hivi: muda wa kuchemsha yai, na yai lenyewe halijaiva vizuri.

Lakini Uganda inatumia saa ya nyuzi 45, pamoja na Kenya na Tanzania. Mstari wa 45 hauko Uganda, wala Kenya. Unapita karibu na Mogadishu, kule Somalia. Basi mama wa Kasese anaamka kwa saa ya Mogadishu. Hizi nchi tatu zilitawaliwa pamoja na Waingereza, zikiwa na reli moja na posta moja, na hata wakoloni wenyewe walibadilisha saa mara kadhaa. Kuna miaka Kenya ilitumia masaa mawili na dakika 45 mbele ya Greenwich, hesabu ya kuumiza kichwa. Mwishowe saa moja ya pamoja ikabaki, na reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, treni ilikuja na saa ya pwani.

Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji. Mpaka wenyewe ulikatwa na wazungu katika makubaliano ya mwaka 1910, ukapita juu ya mlima Rwenzori na kuwagawa watu wa lugha moja: upande huu wakaitwa Wanande, upande ule Wakonzo. Bibi zetu waliolala wakiwa ndugu wakaamka wakiwa wa nchi mbili. Siku hizi ndugu hao wakiongea kwa simu, kila mmoja anaelewa neno la mwenzake, ila si saa yake.

Asubuhi na jioni

Hapa Butembo jua linatoka karibu na saa 6:00 mwaka mzima, kwa sababu tuko jirani na ikweta. Mstari wa ikweta unakatiza barabara yetu ya Lubero, kusini kidogo ya mji. Lakini «karibu na» si «sawasawa na». Mwanzoni mwa Novemba jua hutoka kama saa 5:43 na kuzama kama saa 17:50. Katikati ya Februari hutoka kama saa 6:13 na kuzama kama saa 18:20. Nusu saa nzima ya tofauti, na watoto wetu darasani wanaiona kabla ya sisi kuwafundisha, kwa maana mwezi wa Februari wanafika na macho ya usingizi.

Kasese, kwa saa ya kwao, jua lilelile linatoka kama saa 6:40 mwezi wa Novemba na saa 7:10 mwezi wa Februari. Linazama kati ya saa 18:47 na 19:17.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mama akirudi kutoka Kasese anasema, «Wale wana bahati, kwao saa 18:30 bado kunaonekana, wanauza mpaka jioni.» Hawana bahati yoyote, dada zetu. Mchana wao ni wa masaa 12 kama wetu. Kile wanachopata jioni wamekilipa asubuhi, maana saa 6:00 ya kwao ni giza totoro, na mwanamke anayetaka kuwahi kuchota maji au kuchoma mandazi ya kuuza anafanya kazi ile kwa tochi. Wetu anaamka saa 5:00 na kungojea mwanga lisaa limoja. Yule wa Kasese akiamka saa 5:00 ya kwao, anangojea karibu masaa mawili.

Mlima nao unacheza mchezo wake. Watu wa Beni huliona jua likitokea mgongoni mwa Rwenzori, na watu wa Kasese huliona likiingia mgongoni humohumo. Kwa hiyo Kasese kivuli kinashuka mapema kuliko saa inavyosema, ingawa mbingu bado nyeupe. Na hali ya hewa haifanani. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, asubuhi ni ukungu na sweta mpaka jua likolee. Kasese iko chini, haifiki mita 1,000, na saa 13:00 ya kwao joto linamfukuza kila mtu chini ya mti. Ndiyo sababu soko la kule lina watu wengi asubuhi na jioni, katikati limelala. La kwetu huchelewa kuchangamka, kisha haliachi mpaka giza.

Salamu zetu lakini hazina shida hiyo. Wabukire ni ya asubuhi, wasibire ni ya baada ya mchana, Butembo na Kasese sawasawa. Wazee waliangalia kivuli cha mgomba wakajua waseme ipi.

Lisaa linalohatarisha

Mama anayepeleka kahawa au maharagwe na kurudi na chumvi ya Katwe, sabuni na nguo, anapoteza lisaa akienda na kulipata tena akirudi. Kwa saa ya mkononi ni kweli. Kwa jua hakuna kilichorudishwa.

Tuchukue mfano. Mama amebaki na saa ya Butembo kwenye simu yake. Kule Kasese wamemwambia gari linaondoka saa 14:00. Yeye anafika saa 14:00 ya simu yake, akifurahi kwamba amewahi. Kwa wenyeji ni saa 15:00, gari limeshakwenda zamani. Lingine linaondoka saa 16:00 ya kwao, yaani 15:00 ya kwetu. Lisaa limoja mpaka Mpondwe, sasa ni 16:00 ya kwetu. Foleni, vitambulisho, ukaguzi wa mzigo, kubadilisha shilingi: anatoka Kasindi saa 17:00 akiwa na bahati. Mbele yake kuna kilometa 80 mpaka Beni, na jua lina lisaa moja tu la maisha.

Barabara hiyo si ya kutembea usiku, hatuna haja ya kuwaeleza. Kuitengeneza kulizinduliwa na marais wa nchi mbili pale Mpondwe tarehe 16 Juni 2021, kilometa 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, na tunashukuru kwa kila mahali ambapo tope limepungua. Lakini barabara nzuri haimzuii mtu mwenye bunduki. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, watu wakiwa katika ibada. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka uleule, miaka miwili kamili baada ya uzinduzi, washambuliaji waliingia shule ya sekondari Lhubiriha, upande wa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Wamama wa pande zote mbili walilia, na kila mmoja alikuwa na saa yake ukutani.

Kwa hiyo katika kikundi chetu cha likelemba tumeanza kupanga safari kwa kurudi nyuma. Hatuulizi «tunaondoka saa ngapi?» Tunauliza «giza linatukuta wapi?» Tunachukua saa 17:00 ya kwetu kama mwisho wa kuwa barabarani, tunatoa safari, tunatoa mpaka na foleni yake, tunatoa lisaa moja la matatizo (gurudumu, mvua, mtu wa ushuru asiyeridhika), na linalobaki ndilo la biashara. Mara nyingi linalobaki ni dogo. Basi tunalala upande wa pili kwa ndugu, au tunaacha mzigo hadi kesho. Waume wengine wamelalamika kwamba mama akilala njiani nyumba inapoa. Iache ipoe.

«Tukutane saa nane»

Tofauti ya nchi ingekuwa moja tu, tungeizoea. Kuna ya pili, ya lugha. Watu wa Uganda, kama wa Tanzania na Kenya, wanapotaja saa kwa Kiswahili au kwa Kiganda wanahesabu kuanzia mapambazuko. Saa moja ya asubuhi kwao ni 7:00. Saa sita ni adhuhuri. Hesabu hiyo ni ya heshima na ya zamani, inafuata jua kama salamu zetu. Sisi huku tumefundishwa saa kwa Kifaransa, na tukisema kwa Kiswahili mara nyingi tunatafsiri tu namba ya Kifaransa, ingawa hata kwetu wapo wanaohesabu kama watu wa pwani.

Mama wa Butembo anamwambia mwenzake wa Kasese, «Tukutane Mpondwe saa nane.» Yeye anafikiria 8:00 ya asubuhi, saa ya Congo. Mwenzake anaelewa 14:00, saa ya Uganda, ambayo ni 13:00 ya kwetu. Wamepishana masaa matano! Mmoja anakaa na ndizi zake juani mpaka zinaiva mikononi, mwingine anafika akitembea polepole na kusalimia watu.

Kichekesho ni kwamba Kasese yenyewe hesabu ya mapambazuko imeteleza. Pwani, saa kumi na mbili ya asubuhi ndipo kunapopambazuka. Kasese, saa kumi na mbili bado ni usiku, na jua linakuja saa moja. Wamebeba hesabu ya pwani na saa ya pwani, jua likabaki nyuma. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kutaja namba pamoja na nchi, «saa 8:00 ya asubuhi, ya Congo», na kama mtu bado anasita, kutaja jua: «kabla jua halijachoma», «wakati watoto wanatoka shuleni kwetu».

Simu nayo isiaminiwe hovyo. Nyingi zinapokea saa kutoka mtandao. Ukiwa Kasindi, simu ikashika mtandao wa Uganda, inaruka lisaa limoja bila kukuuliza, na ikishika tena wa Congo inarudi. Mama aliyetega simu imwamshe saa 4:30 anaweza kuamshwa saa 3:30 na kugonga milango ya watu. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima ile ya kujibadilisha yenyewe, kisha chagua mwenyewe saa utakayoishi nayo siku hiyo. Ujumbe wa WhatsApp nao unaonyesha saa ya simu ya anayesoma, si ya aliyeandika. Wamegombana mtu na mume wake kwa jambo hilo, tuishie hapo.

Kuhusu dawa, mwili haujui mpaka. Kama mtoto anakunywa dawa kila baada ya masaa 12, saa 7:00 ya asubuhi na 19:00 ya jioni hapa Butembo, akifika kwa shangazi yake Kasese ni saa 8:00 na 20:00. Ndivyo pia kwa mama anayemeza dawa yake kila siku kwa saa ileile. Mwandikie shangazi kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo tu. Na anayepeleka mgonjwa Bwera au Kagando atoke na hesabu hiyo tayari: kuwa pale saa 8:00 ni kuwa pale saa 7:00 ya kwetu, maana yake ni kulala Kasindi au Mpondwe usiku uliotangulia.

Mwaka wa shule

Sisi walimu tofauti inayotuumiza zaidi si ya lisaa, ni ya miezi. Shule zetu zinaanza Septemba na kufunga mwanzoni mwa Julai. Za Uganda zinaanza karibu na Februari, zina vipindi vitatu, na kufunga mwishoni mwa mwaka. Kwetu shule ya msingi ni miaka sita, kwao ni saba. Kwetu Kifaransa, kwao Kiingereza.

Kila mwaka kuna wazazi wanaomaliza Julai na kumpeleka mtoto Kasese mwezi wa Septemba, wakidhani mwaka unaanza. Mtoto anaingia kipindi cha tatu, wenzake wanajiandaa kwa mitihani, yeye hajui hata kuomba ruhusa ya kutoka nje kwa Kiingereza. Anafeli. Anarudishwa darasa moja au mawili, na nyumbani anaambiwa ni mvivu. Si mvivu, ameingia katika treni iliyokuwa inakaribia kufika.

Ushauri wetu ni huu. Kama mmekata shauri apelekwe kule, mngojee Februari. Kati ya Julai na Februari kuna miezi saba, na miezi hiyo si ya kuchunga mbuzi tu. Atafutiwe mtu wa kumfundisha Kiingereza kila siku, hata lisaa moja. Asome hesabu kwa Kiingereza, maana hesabu anayoijua itamsaidia kujifunza maneno. Na kabla ya yote, ulizeni kwa nini anapelekwa. Kama ni kwa ajili ya usalama, tumeona Lhubiriha. Kama ni karo, shule ya msingi ya serikali hapa kwetu ilitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, ingawa kila mama anajua bado kuna makaratasi na michango. Kama ni Kiingereza kwa ajili ya biashara, hiyo ni sababu ya kueleweka, na mtoto aambiwe wazi ili ajue anakwenda kutafuta nini.

Anapokuwa internat, andikeni ukutani saa ya simu kwa hesabu mbili. Shule ikisema Jumapili saa 15:00, kwetu ni 14:00, wakati wengi wetu bado tunaosha sahani za mchana.

Na Kinshasa?

Watu hutuuliza kwa nini nchi moja ina saa mbili. Kinshasa iko karibu na mstari wa nyuzi 15, sisi karibu na wa 30. Kati yetu jua linachelewa kama dakika 56. Kwa hiyo lisaa lile la Kinshasa ni la haki: wao saa 6:00 wanaona jua, na sisi saa 6:00 yetu tunaliona. Tangazo la Kinshasa likisema saa 20:00, sisi ni 21:00, watoto wamelala na betri ya sola imebaki nusu.

Kwa wale wenye watu wa mbali zaidi: Dubai wako masaa mawili mbele yetu, Guangzhou masaa sita. Bwana akiwa kule kununua mzigo, mpigie kabla ya saa 16:00 ya kwetu, baada ya hapo ni saa nne za usiku kwake kwa hesabu ya pwani. Ubelgiji wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa joto lao tuko saa moja nao kabisa, wakati wa baridi wako lisaa limoja nyuma yetu. Kasese na Butembo hawabadilishi kitu mwaka mzima.